Mwongozo Kamili wa Kuwa Daktari Bingwa na Mtafiti wa Magonjwa ya Kuambukiza

Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, yaani KCMC na Mawenzi, walifanyiwa uchunguzi wa kina ili kujua chanzo halisi cha homa zao. Zaidi ya sita katika kila wagonjwa kumi walikuwa wameandikiwa malaria na madaktari waliowapokea. Vipimo vilipokamilika, malaria ilithibitishwa kwa wagonjwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo wenye bakteria katika damu, wenye bruselosisi na homa ya Q (maambukizi ya bakteria yanayotoka kwa mifugo) na wenye homa ya mgunda (leptospirosisi), magonjwa ambayo hayaponi kwa dawa ya malaria.

Nimeanza na utafiti huu kwa sababu unaonyesha kazi tunayoizungumzia ni kazi gani. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza hutibu, na wakati huohuo hutafuta ushahidi wa kile anachokitibu. Mambo haya mawili hayatenganishwi katika nchi ambazo maabara nyingi za wilaya haziwezi kuotesha vimelea (kuvikuza ili vitambuliwe), na ambako mwongozo wa matibabu mara nyingi umejengwa juu ya takwimu za watu wa mbali. Kila hatua ninayoieleza hapa chini ipimwe kwa swali moja: je, inakusogeza karibu zaidi na mgonjwa na sampuli yake, au inakupeleka mbali nao? Mwongozo huu umeandikwa kwa kuzingatia mfumo wa Tanzania, pamoja na njia zinazopita Kenya, Uganda na kwingineko pale ambapo mafunzo yanapatikana huko.

Fahamu kwanza kazi yenyewe

Wengi huichanganya kazi hii na ya mtaalamu wa maabara au ya ofisa wa afya ya jamii. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza ni daktari wa wodini. Huitwa kumwona mgonjwa ambaye homa yake haijulikani chanzo, mwenye VVU aliyepata homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi, mwenye kifua kikuu sugu, au aliyefanyiwa upasuaji na kidonda chake kikagoma kupona licha ya antibaotiki tatu. Zaidi ya hayo, husimamia matumizi ya antibaotiki hospitalini, hushiriki kamati ya kudhibiti maambukizi, huhudumu katika Kliniki ya Tiba na Matunzo ya wanaoishi na VVU, na mlipuko unapotokea huwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa. Hospitali nyingi nchini hazina nafasi ya kazi yenye jina hilo. Wanaoifanya wameajiriwa kama mabingwa wa magonjwa ya ndani au ya watoto. Jambo hilo lisikukatishe tamaa, ila ulijue mapema, kwa sababu itakubidi ujijengee nafasi hiyo mwenyewe ndani ya hospitali yako.

Sekondari na shahada ya kwanza

Njia ya kawaida ni mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia kidato cha tano na cha sita, kisha Shahada ya Udaktari wa Tiba, ambayo Tanzania huchukua miaka mitano na Kenya miaka sita. Vyuo ni pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) jijini Dar es Salaam, chuo cha tiba cha KCMC Moshi, Bugando jijini Mwanza na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwenye nia ya utafiti asidharau hisabati. Takwimu za tiba zitamfuata maisha yake yote, na daktari asiyeweza kuzisoma hulazimika kuamini hitimisho la mwingine.

Katika miaka mitano hiyo, somo ambalo wanafunzi wengi hulipita haraka ili wafike wodini ndilo lenye uzito mkubwa kwako, yaani mikrobaiolojia pamoja na vimelea. Nenda maabara hata baada ya muda wa mafunzo kwa vitendo. Jifunze kupaka rangi ya Gram, inayogawa bakteria katika makundi mawili makuu, kwa mkono wako, kusoma slaidi ya damu hadi uweze kutofautisha falsiparamu na aina nyingine za malaria, na kuona jinsi chupa ya damu ya kuotesha inavyochukua hadi siku tano kabla ya kutangazwa kuwa haina vimelea.

Mwaka wa mafunzo kwa vitendo

Baada ya shahada kuna mwaka mmoja wa kuzunguka idara kuu chini ya usimamizi, kisha usajili kamili katika Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwaka huu ni mgumu kwa zamu na uchovu, na hakuna anayetegemea kwamba utafanya utafiti. Jenga tabia moja tu: chukua damu ya kuotesha kabla ya kuanza antibaotiki, kwa mtu mzima mililita nane hadi kumi katika kila chupa, ngozi ikiwa imesafishwa ipasavyo na dawa ikaachwa ikauke. Chupa nyingi hutoa majibu yasiyo na maana kwa sababu damu ilikuwa kidogo mno, au ilichukuliwa baada ya dozi ya kwanza, au ilichanganyika na bakteria wa ngozi. Daktari aliyejifunza jambo hili akiwa kijana huokoa watu, na baadaye takwimu zake huaminika.

Miaka ya utumishi kabla ya ubingwa

Ushauri wangu ni kufanya kazi angalau miaka miwili katika hospitali ya wilaya au ya mkoa kabla ya kurudi darasani. Najua wapo wanaopendelea kuunganisha moja kwa moja, na wana sababu zao, hasa za ufadhili na umri. Hata hivyo, maswali mazuri ya utafiti hayatoki katika majarida pekee. Hutoka kwa daktari aliyewaona wagonjwa kumi wenye dalili zilezile na asipate maelezo. Mwezi Julai 2022, Wizara ya Afya ilithibitisha kwamba ugonjwa uliowatoa watu damu puani na kuwaletea homa na uchovu mkoani Lindi ulikuwa homa ya mgunda. Wagonjwa walikuwa 20 na watatu walifariki. Mlipuko wa namna hii hugunduliwa pale mhudumu wa kituo cha mbali anapotoa taarifa kwamba anachokiona si cha kawaida. Chikungunya nayo ilitambuliwa kwa mara ya kwanza katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, kutokana na mlipuko wa mwaka 1952 na 1953.

Katika kipindi hiki weka daftari la wagonjwa wasioeleweka, bila majina yao. Andika umri, kazi, mifugo aliyonayo, maji anayotumia, safari alizofanya, dawa alizokwisha kumeza na mwisho wa ugonjwa wake. Madaktari wengi hawaulizi habari za mifugo, ilhali bruselosisi na homa ya Q hutoka huko. Jiepushe pia na kutegemea kipimo cha Widali kwa homa ya matumbo. Majibu yake huwa chanya kwa watu wengi wasio na ugonjwa huo, na matokeo yake ni maelfu ya dozi za antibaotiki zisizohitajika.

Anayevutiwa na milipuko anaweza kuomba mafunzo ya epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa magonjwa) ya nyanjani na maabara, ambayo Tanzania iliyaanzisha mwaka 2008 na Kenya miaka michache kabla ya hapo. Hayo humfundisha mtu kuchunguza mlipuko akiwa ndani yake, si kwa kusimuliwa.

Ubingwa: MMed na tasnifu yake

Ubingwa huanza na MMed, yaani shahada ya uzamili ya udaktari, ambayo huchukua miaka mitatu au minne kutegemea chuo. Magonjwa ya ndani ndiyo njia ya kawaida kwa anayetaka kuwatibu watu wazima, na afya ya watoto kwa anayewapenda watoto. Kuna pia MMed ya mikrobaiolojia, ambayo ni nzuri sana, lakini humweka daktari maabara zaidi kuliko wodini.

Tasnifu ya MMed ndiyo utafiti wa kwanza wa kweli kwa wengi, na hapa ndipo ninapoona nafasi nyingi zikipotea bure. Wanafunzi huchagua mada kwa kuangalia wepesi wake: dodoso la ufahamu na mitazamo, au upekuzi wa mafaili ambayo nusu ya kurasa zake hazipo. Chagua mada yenye mgonjwa, sampuli na matokeo yanayopimika, hata kama idadi ya wagonjwa itakuwa ndogo. Mwombe msimamizi ambaye wanafunzi wake waliotangulia wamechapisha kazi zao. Uliza kabla ya kuandika jina lake kwenye fomu. Umaarufu wake nje ya nchi hautakusaidia kama hana muda wa kusoma rasimu yako.

Ubobezi katika magonjwa ya kuambukiza

Baada ya MMed, njia hugawanyika. Nairobi kuna mafunzo ya ubobezi katika Chuo Kikuu cha Aga Khan. Afrika Kusini ina mafunzo ya miaka miwili yanayofuata ubingwa wa magonjwa ya ndani au wa watoto. Marekani huhitaji mtu aanze upya, kwa mitihani ya leseni na miaka mitatu ya magonjwa ya ndani, kisha angalau miaka miwili ya ubobezi. Wengi wanaopita njia hiyo hawarudi, na anayeichagua apime jambo hilo kwa uaminifu na familia yake. Kampala kuna Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo ina wagonjwa wengi wa VVU na majaribio makubwa ya tiba.

Kwa asiyeweza kuondoka kwa miaka, ipo stashahada ya tiba ya nchi za joto inayofundishwa Moshi na Kampala kwa miezi mitatu, kwa ushirikiano wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine na vyuo vya hapa. Zipo pia hospitali ambazo zenyewe ni shule. Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kama mahali pa kuwatunza wenye kifua kikuu, na leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ya kuambukiza. Miezi michache huko humfundisha daktari kuhusu kifua kikuu sugu, madhara ya dawa zake na namna ya kumtia moyo mgonjwa wa muda mrefu, mambo ambayo mihadhara ya mwaka mzima haiwezi kuyafikisha.

Utafiti wa kwanza ulio wako

Hatua hii naieleza kwa mfano, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wengi. Tuseme uko hospitali ya mkoa na unashuku kwamba baadhi ya watu wazima wanaolazwa kwa homa wana bruselosisi, lakini hakuna anayeipima.

Anza kwa kulipunguza swali. "Chanzo cha homa katika mkoa wetu" ni swali la taasisi nzima kwa miaka mitano. "Ni sehemu gani ya watu wazima wanaolazwa kwa homa katika hospitali hii ambao wana bruselosisi iliyothibitishwa?" ni swali la mtu mmoja mwenye wasaidizi wawili. Eleza mapema homa ni joto la kiwango gani, mtu mzima ni wa umri gani, na kuthibitishwa kuna maana gani. Kwa magonjwa mengi ya aina hii, kingamwili zilizoonekana mara moja hazitoshi, kwa kuwa zinaweza kuwa za zamani. Inahitajika sampuli ya pili baada ya wiki nne hadi sita ili kuona kama kiwango kimepanda mara nne au zaidi.

Kisha piga hesabu ya idadi ya wagonjwa. Kama unakadiria kwamba asilimia 10 wana ugonjwa huo, na unataka jibu lisiyumbe zaidi ya asilimia tatu juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95, unahitaji wagonjwa 385 hivi. Wodi inayolaza wenye homa 40 kwa mwezi, ambapo 30 wanakubali kushiriki, itakuchukua karibu miezi 13. Hesabu hii ndogo huokoa watu kutokana na ndoto kubwa. Mwanafunzi wa MMed mwenye miezi sita ya kukusanya takwimu atajua mara moja kwamba lazima aongeze hospitali ya pili, akubali jibu lisilo kali sana, au abadilishe swali.

Sampuli ya pili ndipo tafiti nyingi hukwama, kwa kuwa mgonjwa aliyepona haoni sababu ya kurudi. Chukua namba za simu za ndugu wawili kwa ridhaa yake, weka nauli katika bajeti tangu mwanzo, na mkumbushe kwa kumpigia simu. Ikiwezekana msaidizi amfuate nyumbani. Zungumza pia na mkuu wa maabara kabla ya kuandika itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti. Muulize friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iko wapi, ina jenereta ya nani umeme unapokatika, na nani ana ufunguo siku ya Jumapili.

Hatua ya ridhaa isigeuzwe kuwa kutia sahihi tu. Fomu iandikwe kwa Kiswahili anachokielewa mkulima aliyeishia darasa la saba, na isomwe naye kwa sauti. Ajue kwamba akikataa atatibiwa vilevile, damu kiasi gani itachukuliwa, itatunzwa kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje ya nchi. Kuna desturi ya kumwomba mgonjwa ridhaa akiwa katika homa kali, mbele ya daktari anayemtibu. Mimi naipinga: mgonjwa hana uhuru wa kukataa mbele ya mtu aliyeshika maisha yake. Mtu mwingine aombe ridhaa hiyo.

Vibali

Utafiti wa mwanafunzi kwa kawaida hupitia kamati ya maadili ya chuo na kupata ruhusa ya hospitali husika. Utafiti mpana zaidi, hasa wenye washirika wa nje, huhitaji kibali cha kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Majaribio ya dawa au chanjo huhitaji pia kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na watafiti wageni huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina mfumo wake. Sampuli zinazosafirishwa nje zinahitaji mkataba wa uhamishaji, na mkataba huo usomwe neno kwa neno, kwa sababu ndio unaosema nani ana haki juu ya kilichobaki kwenye chupa baada ya utafiti kwisha. Tenga miezi kadhaa kwa hatua hii na usimwandikishe mgonjwa hata mmoja kabla ya barua kufika.

Uzamivu, fedha na majina kwenye makala

Shahada ya uzamivu si lazima kwa daktari mzuri, lakini ni vigumu kuongoza utafiti wako bila hiyo, kwa kuwa wafadhili wengi huitazama. Ifanye pale swali lako linapokuwa kubwa kuliko tasnifu ya MMed. Taasisi zinazopokea watafiti chipukizi katika ukanda huu ni pamoja na vituo vya NIMR vya Mwanza na Mbeya, Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya Waswisi ya mwaka 1957, na programu ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust (mfuko wa hisani wa Uingereza) iliyoanza Kilifi mwaka 1989. Kwa ufadhili, tazama mpango wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba, EDCTP, pamoja na Wellcome, na kituo cha Fogarty cha Marekani.

Ajira za miradi hulipa vizuri, kisha mradi huisha. Kwa sababu hiyo nashauri usiachie nafasi ya kudumu ya hospitali au chuo kwa mkataba wa miaka mitatu, isipokuwa umepewa likizo yenye maandishi. Zaidi ya usalama wa mshahara, daktari anayeacha wodi kabisa huanza kuuliza maswali ya wafadhili badala ya maswali ya wagonjwa.

Kubalianeni kuhusu waandishi wa makala kabla ya kukusanya takwimu, kwa barua pepe ambayo wote wamejibu. Daktari wa hapa aliyewatafuta wagonjwa, akawatibu na kusimamia takwimu, asiishie kutajwa katikati ya orodha ndefu. Jiepushe na majarida yanayokuandikia kukusifu na kuahidi kuchapisha ndani ya wiki. Majarida mengi ya kuaminika hupunguza au husamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo. Omba nafuu hiyo kabla ya kuwasilisha makala.

Kujilinda

Maliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B kabla ya kuingia wodini. Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni, toa taarifa, na anza dawa za kuzuia VVU haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Dozi huendelea kwa siku 28. Barakoa ya N95 ivaliwe katika wodi ya kifua kikuu kila siku, hata kama wenzako wameizoea hewa hiyo. Katika mlipuko wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, wagonjwa walikuwa tisa na sita walifariki, akiwamo mhudumu wa afya. Huyo alikuwa akitimiza kazi yake, na waliobaki wana haki ya kupata glavu, maji, mafunzo na mkuu wa kituo atakayeruhusu zamu isimame vifaa vinapokosekana.

Kurudisha matokeo mahali yalipotoka

Utafiti haujakamilika makala inapochapishwa. Jaribio la FEAST, lililochapishwa mwaka 2011, liliwahusu watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania. Lililinganisha kumpa mtoto maji mengi ya mshipani kwa haraka, kama ilivyokuwa ikifundishwa, na kutompa hivyo. Waliopewa maji hayo walifariki zaidi ndani ya saa 48: takriban asilimia 10.5, dhidi ya asilimia 7.3. Hata hivyo, mazoea yaliyofundishwa kwa miaka mingi hayaondoki wodini kwa makala moja.

Kwa hiyo panga mapema nani atapokea matokeo yako. Anza na wauguzi na madaktari wa wodi uliyotumia, katika kikao chao cha asubuhi, kwa Kiswahili na kwa dakika kumi. Mgonjwa ambaye jibu lake linahitaji tiba apewe jibu hilo wakati utafiti ukiendelea, si baada ya miaka miwili. Mganga mkuu wa mkoa apate muhtasari wa ukurasa mmoja unaosema kifanyike nini na kitagharimu kiasi gani. Kama swali lilihusu bruselosisi, ofisa mifugo wa wilaya awe chumbani siku hiyo, na kikao kisivunjike kabla ya kukubaliana ni nani atakayeagiza vitendanishi vya kipimo hicho na vitaingia katika bajeti ya robo ipi.